Mraba na Mrabaha

Jirani wa ukuta mmoja anasema aliona gari. Anasema lilikuwa jeupe, lenye nembo mlangoni, wakashuka wanaume watatu wenye viatu vya kung'aa, wakaingia kwa Brashi bila hata kupiga hodi, wakatoka na ngazi yake, makopo yake ya rangi na mkewe. Mke, anasema, alikuwa amefunikwa uso. Ukimuuliza mbona mke huyo alionekana jioni ileile dukani akinunua sabuni, anajibu kwamba walimrudisha kwa dhamana. Lisemwalo lipo, anamalizia, kisha anafunga mdomo kama mtu aliyefunga duka.

Lililokuwepo ni baiskeli. Tarishi wa ofisi ya kodi alikuja nayo jasho likimtiririka, akatoa bahasha ya kaki, akaomba saini, akaomba maji ya kunywa, na kwa kuwa mtu akishaanza kuomba haya humtoka, akaomba na pampu. Pampu huwekwa juu ya kabati. Ngazi ikaingia ndani kuifuata, ikatoka, na huko kutoka ndiko alikokuona jirani. Makopo ya rangi hayakwenda popote. Uso wa mke ulikuwa umefunikwa kweli, ila na barua, maana maandishi yalikuwa madogo na miwani ilikuwa imekaliwa wiki iliyopita.

Mke huyu mtaa mzima humwita Karani. Hana kazi ya ukarani wala hajapata kuwa nayo. Shule aliishia darasa la saba. Lakini ana mwandiko uliosimama wima, kila herufi na kiti chake, na ana subira ya kusoma yale maandishi ya chini ambayo wengine huyaruka. Basi wajane humletea barua za pensheni, wazazi fomu za shule, wagomvi humletea mashtaka yao. Pesa hachukui. Huchukua heshima, na heshima hiyo ameizoea kama mtu anavyozoea godoro: halifikirii kabisa, ila likiondolewa hatapata usingizi.

"Inasemaje?" Brashi aliuliza. Alikuwa amekaa kwenye kopo lililopinduliwa, akisafisha brashi ndogo kwa mafuta ya taa.

"Wanasema tulijaza vibaya."

"Kwani nani ali..." alianza kuuliza, akalimeza swali katikati, akaendelea kusafisha brashi ambayo ilishatakata.

Barua ilisema kwamba kwa miaka mitatu mfululizo mlipakodi ameandika malipo ya kampuni ya uchapaji kama faida ya kuuza mali, hali kampuni yenyewe imeyaandika kama mrabaha. Maelezo haya mawili hayapatani. Mlipakodi afike ofisini siku fulani, aje na mkataba. Karani aliisoma mara tatu. Mara ya tatu hakuwa anasoma, alikuwa anamficha mumewe macho.

*

Brashi ni mchora mabango. Herufi zake zina namna yake. M yake hukunja goti moja kama mtu anayeinuka kitini. Ile g ndogo ina kitambi. S yake, anasema kinyozi, haianguki hata ukiitazama ukiwa umelewa, na kinyozi amejaribu. Miaka minne iliyopita kijana wa kampuni ya uchapaji alipita mtaani, akapiga picha bango la kinyozi, la fundi cherehani, la zahanati, mwisho akauliza ni nani anayeandika hivi. Kampuni ikamwomba Brashi azichore zote, kubwa na ndogo, na tarakimu, na alama ya kuuliza. Wakaziingiza kwenye kompyuta. Sasa ziko kwenye mifuko ya unga, kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kwenye tiketi za basi. Kila mwaka kampuni huhesabu waliozitumia, na Brashi huletewa fungu lake. Mkono wake siku hizi unatetemeka na ngazini hapandi zaidi ya hatua tatu; fungu hilo ndilo linalolipa pango la nyumba karibu mwaka mzima.

Mwanzoni alisema ukweli. Alikaa kwa kinyozi akawaeleza waliokuwepo kwamba amezikodisha herufi zake. Walicheka hadi povu likamkaukia mteja kidevuni. Unakodishaje A? Mmoja alitaka kujua kama akiandika jina lake ukutani atadaiwa. Mwingine akaomba akodishiwe nukta mbili, za mwisho wa wiki tu, atazirudisha Jumatatu. Siku ile Brashi alirudi nyumbani na neno jipya: niliziuza. Kuuza kila mtu anakujua. Tangu hapo hata ndani ya nyumba yake akawa anasema "pesa ya zile herufi nilizouza", na neno likakaa, likaota mizizi.

Fomu ya kwanza ya kodi aliijaza mwenyewe, kwa wino mweusi, kila herufi na kivuli chake upande wa kulia. Ofisi ikairudisha. Herufi zimetoka nje ya visanduku, walisema, mashine haiwezi kuzisoma. Kinyozi alisema hilo ni sawa na kumkatalia samaki kuogelea kwa sababu ana mapezi marefu. Brashi alicheka pamoja nao, ila fomu ile hakuitupa. Aliiweka chini ya godoro.

Basi Karani akachukua kalamu. Alipofika kwenye kisanduku kilichoandikwa Mrabaha, alisimama. Neno hilo hakuwahi kukutana nalo. Akalitazama kama anavyotazama mgeni mlangoni, akitafuta sura ya mtu anayemjua, na ndani yake akaiona: mraba. Mraba anaujua. Kiwanja cha marehemu baba yake kilipimwa kwa mita za mraba. Akaamua kwamba hapo ni pa watu wenye viwanja vya kupangisha, akateremka hadi kwenye Faida ya Kuuza Mali, palepale ambapo zamani karani wa kweli alimwandikia pesa za kile kiwanja walipokiuza. Hata hivyo hakutaka kubahatisha. Akamwuliza mumewe kupitia dirisha la jikoni, "Mzee, zile herufi si uliziuza?" Brashi alikuwa na misumari miwili mdomoni. Akajibu, "Mmh."

Kodi ya kuuza ilitoka ndogo. Karani alishukuru, akapiga pasi fomu ili ifike imenyooka. Mwaka uliofuata akanakili ya mwaka jana, na uliofuata vivyo hivyo.

*

Ofisi ya kodi iliiuliza na kampuni, na kampuni hailali. Siku mbili baadaye ilileta hati ya ukurasa mmoja. Hati ilisema mchoraji anathibitisha kwamba herufi zake aliiuzia kampuni moja kwa moja, tangu siku ya kwanza, zote, na hana chake tena ndani yake. Kampuni kwa wema wake itampa kifuta jasho. Baada ya hapo hakutakuwa na malipo mengine.

Kaka yake Karani, muuza vipuri vya magari, alikuja kuwasaidia kufikiri. Alikunywa chai, akaongezewa, akafikiri.

"Shemeji, saini," alisema. "Mtu anakuletea kamba ukiwa kisimani, na wewe unaikagua rangi?"

Alifafanua kwa vidole. Brashi akisaini, basi alichoandika Karani kimekuwa kweli. Hakuna kodi ya kuongeza wala faini, na kifuta jasho juu yake. Asiposaini, walipe pengo la miaka mitatu, walipe na faini, na mtaa ujue kwamba Karani kajaza upuuzi.

"Na mwaka kesho?" Karani aliuliza.

"Mwaka kesho Mungu yupo."

"Mungu yupo, na mwenye nyumba naye yupo."

Kaka alicheka, akamwambia shemeji yake kwamba huyu dada alimpa bure, angejua mdomo huu angedai nyongeza. Brashi hakuingia kwenye utani, jambo ambalo si kawaida yake. Alikuwa anachora kwa kidole mezani, juu ya chai iliyomwagika. Baada ya muda akaomba kalamu.

Karani alisema kalamu imekwisha wino. Ilikuwa imejaa. Ilinunuliwa juzi, na aliyetumwa kuinunua ni Brashi mwenyewe. Walitazamana, kila mmoja akijua, kisha Brashi akakunja hati mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti.

Kaka alipoondoka, Karani alikusanya vikombe akiwaza. Alikuwa amemwangalia mumewe wakati wote wa yale mahesabu ya vidole. Pale palipotajwa faini hakutikisika. Pale palipotajwa kifuta jasho alipiga mwayo. Uso wake ulibadilika mahali pamoja tu, pale kaka aliposema mtaa utajua.

Asubuhi ya kwenda ofisini alimkuta anapaka viatu rangi. Hakuwa na kiwi, alitumia rangi nyeusi ya mabango. Akamwambia mkewe, bila kuinua kichwa, kwamba ameamua. Atawaambia aliuza.

"Mkataba unasema hivyo?"

"Mkataba unasomwa na watu wawili watatu. Wewe unasomwa na mtaa mzima."

Karani alisimama na koti la mumewe mkononi, akilipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Alitaka kusema neno, lakini viatu vilikuwa havijakauka na Brashi alikuwa ameshaanza kulalamika kwamba vinanata.

*

Ofisi ya kodi ilikuwa na mabenchi manne na watu wa mabenchi saba. Ukifika unapewa namba, unakaa, unasogea makalio hatua kwa hatua kuelekea kwenye kioo. Kioo kina tundu dogo chini, la kupitishia karatasi, na mtu akitaka kusikika hana budi ainame aseme na tundu. Ndiyo kusema aliyeko ndani husikia kidogo, na walio nyuma husikia yote.

Afisa alikuwa binti mdogo, wa umri wa kuwa mtoto wao wa mwisho. Aliwaamkia vizuri. Alipanga zile fomu tatu mbele yake, akasema mwandiko huu ni mzuri mno, angepata fomu kama hizi kila siku angekwenda nyumbani mapema. Karani hakujua aziweke wapi hizo sifa.

"Ila mama, mbona kwenye mrabaha hukujaza?"

Karani aliinama. Akaeleza habari ya mraba: mita, viwanja, pango. Alijitahidi kuifanya ifupi, lakini tundu lilidai kila kitu kirudiwe, na mara ya pili ilipokuwa inatoka kwa sauti kubwa, alisikia kwa masikio yake mwenyewe jinsi ilivyo. Mwanamume mmoja nyuma alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwenzake akamwambia mrabaha labda ni mraba wenye hasara. Hapo benchi zima likakohoa.

Afisa hakucheka. Alibana midomo, akasubiri wanyamaze, akamweleza taratibu. Ukiuza ng'ombe, ng'ombe ameondoka, mmemalizana. Mrabaha ni ng'ombe wako, yuko kwa mtu, anamkamua, na wewe unaletewa maziwa yako kwa kuwa ng'ombe bado ni wako. Kodi zake ni tofauti, ya maziwa ni kubwa. Karani alitikisa kichwa kukubali. Aliona aibu si kwa sababu ni vigumu kuelewa, bali kwa kuwa ni rahisi namna ile.

"Sasa mzee wangu," afisa akamgeukia Brashi, "huyu ng'ombe uliuza, au yuko kwao?"

Brashi alivuta koti likae sawa. "Niliuza."

"Uliuza kabisa?"

"Kabisa. Mke wangu alijaza nilivyomwambia, na alijaza sawasawa." Akatoa ile hati iliyokunjwa mara nne, akainyoosha kwenye ubao wa chini ya kioo. "Na karatasi hii hapa. Haijatiwa saini, naomba kalamu."

Afisa aliisoma kupitia kioo. Alisita. Akamwuliza kama ameielewa, kwamba akisaini hapo basi hata yeye afisa hataweza kuirudisha nyuma, na kampuni haitamdai wala yeye hataidai. Brashi akasema ameielewa. Kalamu ilisukumwa tunduni. Ilifungwa kwa uzi ili isiibiwe, na uzi ulikuwa mfupi, ikambidi Brashi apinde mgongo na kuegemea kiwiko, kama mtoto anayefundishwa kuandika. Mkono wa kuandika akaushika kwa wa pili.

Karani aliutazama mkono ule. Amekaa nao miaka thelathini na moja. Ameukamata ukiwa na homa, ameutoa vibanzi, ameupiga kofi ukidokoa nyama jikoni. Hajapata kuuona ukifanya kazi mbaya, na sasa ulikuwa unajikaza kuifanya mbele ya watu, kwa ajili yake. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Hakuuza."

"Mama?"

Akainama hadi midomo ikakaribia kioo, akasema kwa sauti ya kusikika ndani na nje. "Hakuuza. Herufi ni zake, hata dakika hii ni zake, wao wanazitumia kwa ruhusa. Mkataba huu hapa, ukurasa wa pili, mstari wa nne. Aliyekosea ni mimi. Nimekosea miaka mitatu, kwa mwandiko huohuo uliousifu. Mtaani kwetu mimi ndiye wananiita Karani."

Hakuna aliyekohoa.

Brashi alibaki ameinama na kalamu yake ya uzi. "Umejiaibisha bure," alimwambia kwa sauti ya chini.

"Si bure," Karani alimjibu. "Toa mkono wako hapo."

*

Afisa alisoma ukurasa wa pili, mstari wa nne. Palisema ruhusa ya kutumia. Akapiga hesabu, akawaandikia pengo la kodi kwenye kikaratasi, kiasi ambacho Brashi alikitazama, akakigeuza juu chini kuona kama kitapungua. Wanaweza kulipa kidogokidogo, afisa alisema, hadi mwisho wa mwaka. Hati ya kampuni akawashauri waipeleke nyumbani wawashie moto. Ilibaki faini. Faini yeye hana uwezo nayo, lakini mkubwa wake huweza kusamehe mtu aliyekosea bila nia mbaya, akiombwa kwa maandishi. Mara nyingine hujibu, mara nyingine hajibu. Akawapa fomu ya ombi, ukurasa mmoja, akawaonyesha benchi la kuandikia.

Yule mwanamume aliyecheka alisogea kuwapisha. Alimwita Karani dada, akamwuliza kama anaweza kumwangalizia na yake baadaye, maana na yeye kuna neno halielewi. Karani alimwambia asubiri kwanza aone kama yeye mwenyewe atafungwa. Watu wakacheka, safari hii pamoja naye.

Aliweka fomu kwenye goti. Akajaza tarehe. Akajaza namba ya mlipakodi, tarakimu moja kwa kila kisanduku. Akajaza jina la mumewe. Chini yake palikuwa na maneno, Sababu ya kosa na aliyelitenda, na mbele yake mstari mmoja, usiozidi urefu wa kidole cha kati. Aliyeichapa fomu hakutarajia kwamba makosa huhitaji nafasi.

Brashi alikuwa akimfuata kwa macho, neno kwa neno. Alisogea hadi bega likagusa bega. Akasema mdomo uliponza kichwa, na mdomo wenyewe ni wake. Akasema yeye ndiye aliyeona haya mbele ya watu wa kwa kinyozi, akaleta uongo nyumbani, akaulisha, ukanenepa. Mkewe aliuliza, tena kwa adabu, kupitia dirishani, na yeye akamjibu kwa misumari. Mtu aliyeambiwa na mwenye mali kwamba mali imeuzwa, angeandika nini?

"Andika ni mimi," alisema. "Nilisema niliuza, na sikuuza. Andika hivyo, mimi nitie saini."

Karani hakuinua macho. Alikuwa anaupima ule mstari. Akiandika mraba na mrabaha, umejaa. Akiandika kuuza na kukodisha, umejaa. Wote wawili hawaenei. Amewaandikia watu makosa mengi kwenye karatasi za namna hii, ya waliochelewa, waliopoteza, waliosahau, na siku zote huwauliza mara moja tu, ni kosa la nani, nao humwambia, naye huandika.

Benchi likasogea. Nao wakasogea, pamoja na fomu, pamoja na mkataba, kiatu cha Brashi kikibandukabanduka sakafuni kwa ile rangi ambayo haijakauka vizuri.

"Karani," alimwambia tena, polepole, kama mtu anayeomba maji katika nyumba ya watu. "Mama. Andika ni mimi."

Ncha ya kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi.